Dada Halo na Mabango Yaliyosubiri Muhuri

Waombolezaji wenzetu, anayewasomea ni mdogo wa marehemu, karani wa masjala, aliyechaguliwa na kikao cha familia kwa sababu ana mwandiko mzuri, si kwa sababu anastahili.

Marehemu, ambaye kazini na mtaani mlimwita Dada Halo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha baba yake, mshona viatu, akasoma hadi kidato cha nne mwaka 1989, na miaka hiyo yote alimshika mdogo wake mkono njiani, na mara mbili alikula viboko visivyokuwa vyake.

Tarehe 2 Januari 1991 aliajiriwa kuwa mpokea simu wa ofisi yetu, akakalia kiti kimoja miaka thelathini na mbili, akiwapoza waliopiga wakiwa wamefura, kwa maneno yaleyale, "Halo, nakusikiliza, hebu anza mwanzo." Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na fundi saa, ambaye mpaka leo hudai alipiga simu kuulizia barua yake akapewa mke, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2023 ofisi ilinunua mtambo wa kupokea simu, naye akahamishiwa masjala, chini ya mdogo wake, kupanga majalada. Usingizi ukampaa, chakula kikamshinda, akawa mtu wa kutazama ukuta, shangazi akasema ni uchovu, wengine wakasema anadeka, na mdogo wake akasema, "Dada, jikaze bwana, wenzako wana shida za kweli."

Tarehe 5 Februari 2024 yaliletwa masjala mabango mia mbili yenye namba ya simu ya bure, ambayo mtu aliyezidiwa na mawazo huipiga saa yoyote akasikilizwa. Mdogo wake akayapokea, akayafungulia jalada, akayafungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni, maana waraka unakataza kubandika kitu ubaoni bila muhuri, na mwenye muhuri alikuwa likizo, kisha semina, kisha mapumziko ya kutoka semina. Mara tatu Dada Halo aliuliza, "Mdogo wangu, yale mabango vipi?" na mara tatu alijibiwa, "Yana utaratibu wake," jibu ambalo kiofisi halina kosa, kwani karani alidhani anaulizia kazi.

Alifariki tarehe 21 Mei 2024. Tangazo la familia lilisema homa ya ghafla, lakini haikuwa homa, ilikuwa sonona, huzuni nzito isiyomwachia mtu, maradhi kama maradhi mengine, yenye matabibu na dawa, na neno homa liliandikwa kwa aibu, kwa mwandiko huuhuu mzuri. Mumewe aliisoma historia hii jana, akafuta machozi, akasema, "Isome kama ilivyo, shemeji."

Familia inamshukuru daktari aliyekuja mbio, majirani waliotubeba, na wafanyakazi wenzake. Karatasi za ratiba mlizoshika zimechapwa nyuma ya mabango yale, basi zigeuzeni, muione namba, mkazibandike jikoni, dukani, popote, bila kumwomba mtu ruhusa. Moja imebandikwa ubaoni ofisini leo saa moja asubuhi, haina muhuri, na karani anasubiri barua ya kutakiwa ajieleze, ambayo safari hii ataijibu kwa kuanza mwanzo.

Dada, uliuliza mara tatu. Pumzika kwa amani.