Wafaranji Wanaandika Nini?

Zama zile masultani wa Misri wakitawala, pale Ramla palikuwa na benchi la jiwe nje ya nyumba ya mahujaji, na adhuhuri moja Ghanim mkodisha punda, ambaye wenzake walimwita Kwato, alilifikia amefura kama chatu. Hakutoa hata salamu. Alimfunga punda wake, akajibwaga kando ya Farraj muuza sharbati ya ukwaju, akampokonya kikombe mkononi. Sim'an mkalimani, maarufu Ndimi Saba, alikuwa keshaketi, miguu kainyoosha. Yeye na Ghanim walikuwa wametoka Jaffa, kuwasindikiza mashujaa wa Kifaranji, Wazungu wa ng'ambo, waliomaliza hija ya Yerusalemu. Meli ilikuwa imeshaondoka.

— Mimi na Wafaranji basi! Basi kabisa! Bora nibebe samadi.

— Samadi inanuka, Kwato, alisema Farraj.

— Lakini haisimamishi msafara! Yule wangu mwenye upanga mrefu, kila jiwe, "simama!" Anatoa kalamu. Jiwe! Kwani kwao hakuna mawe?

— Mpelelezi huyo, alisema Farraj. Anachora visima vyetu arudi na jeshi. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Sasa hiyo inahusu nini?

— Si kuna kisima ndani yake?

Sim'an alicheka puani.

— Acheni ujinga. Anamwandikia mkewe. Kule kwao mume akirudi safari mikono mitupu, mke anajua alikuwa kwa kimada. Kitabu ndio ushahidi.

— Wapi! Mimi nawaambia, kila jiwe likiandikwa, dhambi moja inafutwa, alisema Farraj.

— Basi yule alikuwa na dhambi, ndugu yangu! Kaandika mpaka mti mkavu!

— Mimi nilimchungulia, alisema Sim'an. Kaandika, "Bondeni tulivamiwa na Waarabu mia mbili wenye mikuki."

— Bonde lipi?

— Lile la miiba.

— Mbona pale tulimkuta yule bibi tu, anataka mbuzi wake wapite?

— Ndiye huyohuyo. Mia mbili.

Farraj alijipiga mapaja kwa kicheko. Ghanim hakucheka. Alikitua kikombe kwa kishindo, sharbati ikamrukia kanzuni.

— Na yule mtumishi wake, mzee wa watu? Homa inamchoma, nimemlaza juu ya punda wangu, mimi natembea. Namwambia bwana wake, twende, mtu anakufa, tumfikishe kivulini. Ananiinulia kidole. Ningoje! Eti hajamaliza ukurasa! Jua la utosi, naye anapuliza wino ukauke. Alipoufunga mkoba wake, yule mzee keshakata roho. Nilimteremsha kwa mikono yangu hii.

— Kamwandika? aliuliza Farraj, safari hii kwa sauti ya chini.

— Kamwandika, alisema Sim'an. "Hapa mtumishi wangu alifariki. Maji ya hapa ni mabaya."

— Basi?

— Basi. Halafu akaendelea na urefu wa ukuta.

— Ndiyo dunia, Farraj alishusha pumzi. Kufa kufaana.

— Farraj, utanyamaza au nikunyamazishe?

Mwanamke mmoja muuza zeituni kutoka Lidda alikuwa amesimama hapo na kikapu chake, akingoja sharbati. Alikuwa ameyasikia yote.

— Poleni, kaka zangu. Mlimzika?

— Tulimzika, mama. Mimi na Sim'an, palepale kando ya njia. Tukampangia mawe, fisi wasimfukue.

— Mungu awalipe. Aliitwa nani?

Ghanim alifungua kinywa. Aliukumbuka uso ule vizuri, na ndevu za kijivu zilizojaa vumbi. Alikumbuka jinsi mzee yule alivyokuwa akimmegea punda mkate wake mkavu, na jinsi alivyomfundisha yeye Ghanim kusema "asante" kwa lugha ya kwao, mpaka wakacheka wote wawili. Jina halikuja. Akamgeukia Sim'an. Ndimi Saba aliinamia viatu vyake.

— Hata mmoja wenu hajui? aliuliza mama yule. Bwana wake, akimtaka, alikuwa anamwitaje?

Ghanim alimtazama punda wake.

— Mluzi, mama. Alikuwa akimpigia mluzi.