Baiskeli ya Meno Thelathini

Wasikilizaji wapendwa, mlio migombani na mlio njiani, tulieni nasi kidogo. Tumempoteza Mzee Wilbert Byarugaba wa Izigo, fundi baiskeli wa Muleba. Fundi baiskeli. Amezikwa Jumamosi, akiwa na miaka sabini na minne.

Miaka mitatu iliyopita mwanawe, Audax, alinunua baiskeli ya gia ya mtumba. Mbele, penye pedeli, ilikuwa na spoketi tatu, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, na kila ukibadilisha gia cheni ilidondoka. Mzee akasema mbele ibaki moja tu. Swali likawa hilo: moja yenye meno mangapi?

Yeye alitaka thelathini. Nyuma, spoketi kubwa ilikuwa na meno thelathini na manne. Kwa hiyo pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu halimalizi mzunguko. Mwendo mdogo, lakini kilima kinapandika. Audax alitaka thelathini na manane, aruke kwenye lami ya kwenda Bukoba.

"Tata, waitu, kwa thelathini nitapitwa na bata!" Audax akamsihi baba yake.

Vijana wa stendi wakaangua kicheko. "Mzee anaunda cherehani!" akadakia Muksini, wa duka la jirani.

Wilbert hakuzoea kuchekwa. Akafunga ya thelathini na manane. Akaijaribu mwenyewe, kwenye lami, keria ikiwa tupu. Wakampigia makofi. Ile ya thelathini akaitia katika mkoba wake wa vifaa, asiouacha popote.

Wiki ya pili mvua iling'oa kalavati la njia ya nyumbani kwake. Asubuhi hiyohiyo pumu ikamshika mkewe, Ephrasia, na dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Gari halipiti. Pikipiki haipiti. Audax akamvusha mama yake mgongoni, Wilbert akavusha baiskeli begani. Ng'ambo wakamkalisha kwenye keria. Mbele yao kilima, na kituo cha afya kiko juu.

Audax akakanyaga. Nusu ya kilima, pedeli ikagoma. Akaisimamia kwa uzito wake wote. Cheni ikalia, gurudumu halikusogea. Midomo ya Ephrasia ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Wilbert akaingiza mkono mkobani, akaishika ile ya thelathini. Kuifunga kunataka robo saa. Akautoa mkono mtupu.

"Shuka! Wewe shika usukani, usukume. Mimi nitamshikilia mama yako."

Wakasukuma. Kila hatua tatu, tope liliwarudisha moja.

"Nilimsikia nyuma yangu akihesabu meno," anasema Bi Ephrasia, "huku mimi nahesabu pumzi. Nilitaka kumwambia, mzee, hebu nyamaza. Lakini pumzi ya kumgombeza nitaitoa wapi?"

Walifika. Muuguzi hakuwauliza hata majina, alimwahi mgonjwa kwanza.

Kesho yake Wilbert alifunga ile ya thelathini, mbele ya vijana walewale. "Nilijua," akawaambia. "Niliogopa kicheko chenu. Nusura kimzike mke wangu."

Tangu siku hiyo hakumkabidhi mtu baiskeli ya gia kabla mwenye baiskeli hajapanda nayo kilima, mkungu wa ndizi ukiwa kwenye keria. Ukishuka kusukuma, anapunguza meno. Muksini alirudishwa mara tatu.

Jumamosi, Audax alimpakia mama yake kwenda kwenye misa ya kumuaga Mzee, kwa kilima kilekile, kwa meno yaleyale thelathini. Waombolezaji wakawapisha. Walipanda polepole, na bata angewapita kweli. Kule juu Bi Ephrasia aliuliza jambo moja tu, kama Mzee alivyokuwa akiwauliza wateja.

"Umeshuka?"

"Sijashuka, mama."

Bi Ephrasia, Audax, na ukoo wote wa Izigo, poleni sana. Mungu amlaze fundi wetu mahali pema. Nawe msikilizaji, leo jipime mwenyewe: kazi yako unaifunga kwa ajili ya kilima na mzigo wako, au kwa ajili ya wanaokutazama kwenye lami?