Kitabu Gani cha Kusomea Moyo

Nilikuwepo. Nalisema hilo mapema kwa sababu mtaa huu una watu wanaosimulia mambo waliyoyasikia kwa mtu aliyeyasikia kwa mwingine. Mimi niliona kwa macho yangu, kikombe mkononi. Benchi letu liko mkabala na geti la hospitali, limeegemea ukuta wa duka la vitabu vilivyotumika. Mwenye duka tunamwita Profesa, maana amekaa na vitabu mpaka amenukia kama vitabu. Mlangoni kwake Fundi Saa ameweka kimeza chake cha kioo, na upande wa pili Kinyozi ana kiti chake na kioo chenye ufa. Mimi nachonga funguo, na mji mzima hakuna kufuli iliyowahi kunicheka. Shule nilifika darasa la saba. La nane nililifuata dirishani. Kahawa anatuletea Mama Birika. Na mwisho wa benchi, upande wenye kivuli, kuna nafasi ambayo siku hizo hakuna aliyekuwa anaikalia, hata kama wengine tulibanana. Ilikuwa nafasi ya Kocha.

Kocha alipata jina kwa kufundisha timu ya mpira iliyoshinda mechi moja tu, siku ambayo wapinzani walikosa usafiri. Asubuhi moja, akiwa katikati ya kutubishia, alishika kifua akanyamaza. Tukajua kuna jambo, kwa sababu Kocha hakuwahi kunyamaza kabla ya kushinda ubishi. Nikamshika mkono mimi mwenyewe, nikamkokota mpaka ndani ya geti. Zamu ile alikuwepo binti yake, muuguzi, ambaye sote tunamwita Sista. Akambandika baba yake waya kifuani, mashine ikatoa ile karatasi ndefu yenye mistari inayopanda na kushuka, inayoonyesha umeme wa moyo unavyokwenda. Akaitazama. Hakuwa amefundishwa kuisoma. Daktari wa kuisoma alikuwa chumba cha upasuaji. Alipotoka aliitupia jicho mara moja tu, akaanza kukimbia. Alikimbia bure, Kocha alikuwa ameshatutoka.

Basi siku ninayoisimulia, binti huyo alikuja kijiweni akiwa na sare yake nyeupe, kabla ya kuingia zamu.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu. Karibu kahawa.

Hakutaka kahawa. Alitueleza amesimama. Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa anatafuta muuguzi mmoja wa wodi ya moyo atakayejifunza kuzisoma zile karatasi, ili daktari akiwa mbali, pawe na mtu wa kujua ipi inasubiri na ipi haisubiri. Amemchagua yeye. Jibu analitaka asubuhi hiyo hiyo. Akikataa anarudi wodi ya wazazi, ambako wanampenda na ambako watu wengi hutoka wakiwa na furaha. Akamwuliza Profesa kama ana kitabu cha kumfundisha mtu kuzisoma kuanzia mwanzo kabisa.

Profesa aliingia ndani, tukamsikia akisogeza maboksi na kukohoa. Akatoka na vitabu vitatu. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine palipo wazi, akaviweka kwenye nafasi ya Kocha, kimoja juu ya kingine. Tukavitazama. Kisha wote tukasema kwa pamoja.

Kinyozi alikamata cha chini, kinene, chenye jalada gumu, akakipima mkononi kama mtu anayenunua nyama.

— Chukua hiki, Sista. Ugonjwa mkubwa unataka kitabu kikubwa.

— Kwa hiyo mafua tutayasomea kwenye bahasha? akauliza Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa na chake, cha katikati, chenye picha za moyo uliopasuliwa, nyekundu na bluu. Akatufungulia picha moja baada ya nyingine, akitumia bisibisi ndogo kuonyesha. Hoja yake ilikuwa kwamba moyo ni saa. Una springi yake, una magurudumu yake, na huwezi kuelewa mshale kama hujui springi iko wapi. Hapo tulimkubalia. Angeishia hapo tungemheshimu mpaka leo. Lakini aliendelea, akasema wangemruhusu kuingia wodini na lenzi yake jichoni, angeinama kifuani kwa mgonjwa na kutaja upande unaochelewa bila mashine wala waya.

— Saa yangu unayo tangu mvua zilizopita, Kinyozi akamwambia. Na hiyo haina hata damu.

Profesa naye hakukubali kupitwa mbele ya bidhaa zake. Alidai vitabu vya sayansi hiyo husomwa kutoka nyuma kwenda mbele, kwa kuwa madaktari huficha majibu mwishoni ili watu wa kawaida wachoke kabla ya kufika. Kinyozi akadai yeye moyo huusoma kwenye mshipa wa hapa, kando ya jicho. Akipitisha wembe tu anajua nani kagombana na mkewe asubuhi. Mimi nikawaacha wamalize, kisha nikawapa elimu. Nikawaambia ule mstari ni meno ya ufunguo. Kila moyo una meno yake, na likisagika moja, mlango haufunguki. Kwa hiyo kitabu bora ni chenye meno mengi. Mjadala ule nilishinda, ingawa hawakukiri.

Kitabu cha tatu hakikuwa na mtetezi. Kilikuwa chembamba, jalada limetoka, na kona zimelamba chai ya watu. Kibaya zaidi, mwenye nacho wa kwanza alikuwa ameandika ndani kwa kalamu. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya karatasi ya moyo na swali chini yake, na yule mtu alijibu, akakosea, akakata, akajibu tena. Majibu sahihi yalikuwa mwishoni.

— Weka pembeni, Kinyozi akasema. Hatuwezi kumpa mtoto wa Kocha kitabu cha mtu aliyefeli.

Sista muda wote huo alikuwa ameinamia kile kinene, anakitazama ubavuni, pale kurasa zinapokutana. Mwanzoni kurasa zilikuwa zimechafuka kwa vidole, kahawia kabisa. Baada ya hapo, mpaka mwisho, nyeupe kama zimetoka kiwandani.

— Baba, akamwuliza Profesa, mbona huku ni kweupe?

Profesa ni mfanyabiashara, lakini kudanganya mtu wa msiba hawezi. Akakuna shingo.

— Waliokuwa nacho waliishia hapo, mwanangu. Kimerudi kwangu mara kadhaa. Wote huishia hapo hapo.

Sista akakifunga, akakirudisha mahali pake. Ndipo akasema jambo ambalo lilimfanya hata Mama Birika aache kumimina.

— Baba zangu, mnanichagulia kana kwamba nimeshakubali. Mimi nimekuja hapa nikiwa sijui. Kila nikiiona karatasi ya mtu, naiona ile ya baba. Niliishika kwa mikono yangu hii. Yote ilikuwa imeandikwa pale, na mimi naiangalia tu, kama mtu anayeangalia ukuta. Sasa nikisoma kitabu nikajifunza, siku moja nitaifungua ile karatasi ndani ya kichwa changu nitaielewa. Nitajua ilikuwa inasema nini. Hicho ndicho ninachokiogopa.

Kinyozi akatazama viatu vyake. Fundi Saa akaanza kufuta kioo cha kimeza ambacho hakikuwa na vumbi. Mimi ni mtu wa maneno, wanaonijua wanajua. Nikaweka kikombe chini.

— Mwanangu, nikamwambia, siku ile nilimpeleka mimi. Pale getini alisimama, akanishika bega. Akasema, mwambie binti yangu asijilaumu. Na asiache kazi.

Akanitazama. Macho ya baba yake, yale yale ya kukagua kama unamdanganya.

— Alisema hivyo?

— Kwa kinywa chake.

— Mbona hukuniambia msibani?

— Msibani ulikuwa husikii mtu.

Hilo lilikuwa kweli, naye alilijua. Akakaa. Hakukaa kwenye nafasi ya Kocha; alikaa kando yake, karibu na vitabu, akaweka mkono juu yavyo. Tukasubiri. Upande wa pili wa barabara geti lilikuwa linafunguka na kufungwa, watu wanaingia na vyakula kwenye mifuko, wengine wanatoka na dawa.

Katika waliotoka alikuwepo mama mmoja wa makamo, mgeni kwetu. Alivuka akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi, labda kwa sababu aliona sare nyeupe. Mkononi alikuwa na karatasi ya moyo, ameikunja mara mbili, ameishika kwa ncha za vidole kama inaunguza. Alituambia ni ya mumewe. Wamempima, wamemwambia asubiri daktari atoke wodini, na kusubiri kumemshinda akiwa amekaa ndani. Tukamsogezea nafasi. Akaiona elimu tuliyoitandaza pale, vitabu vimefunguka, picha za mioyo kila upande.

— Samahanini, ndugu zangu, akasema. Hivi ya mtu asiyeumwa inakuwaje?

Nawaambia ukweli, tulikuwa tumebishana mpaka kahawa imepoa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu. Fundi Saa alifungua kitabu chake cha picha akakuta moyo uliovimba, akafungua tena akakuta uliotoboka. Kinyozi alifungua kile kinene katikati, kule kweupe, akakifunga taratibu. Profesa alijifanya anaitwa ndani. Tulikuwa tumechagua vitabu kwa uzito, kwa rangi na kwa meno, tukitafuta ugonjwa, ugonjwa, ugonjwa. Mtu mwenye afya hatukumkumbuka.

Yule mama akamgeukia Sista. Watu wote aliowahi kuwabandika waya walikuwa wagonjwa.

— Sijui, mama, akasema. Nisikudanganye. Sijui.

Akavuta kile kitabu chembamba, kisicho na jalada. Akakifungua mwanzo kabisa. Ukurasa wa kwanza, moyo wa mtu asiyeumwa. Wa pili, mwingine asiyeumwa, mwembamba kidogo. Wa tatu, wa mtu anayekimbia, asiyeumwa. Kurasa na kurasa za watu wasio na tatizo lolote, na chini ya kila mmoja yule mwanafunzi wa zamani ameandika jina la ugonjwa, amekata, ameandika jingine, amekata. Kila mahali aliona maradhi yasiyokuwepo. Mbele zaidi, maandishi yakaanza kupungua. Halafu, kwenye ukurasa uliokunjwa sikio, chini ya mstari uliotulia, neno moja bila kukatwa: mzima.

Sista alipitisha kidole juu ya neno lile.

— Kumbe inaanzia hapa, akasema, kwa asiyeumwa, si kwenye karatasi ya baba.

Akainuka na kitabu. Profesa akakataa malipo kwa mkono, bila maneno, na Kinyozi akakataa kusema kitu juu ya hilo, jambo ambalo kwake ni kubwa zaidi. Sista akamshika yule mama kiwiko.

— Twende tukamtafute daktari wote wawili. Akiisoma, nitasimama pembeni nitazame anaanzia wapi.

Kutoka kwenye benchi letu unaona ndani ya geti mpaka pale njia inapogawanyika. Kulia ni wodi ya wazazi. Kushoto ni wodi ya moyo. Walifika pale, Sista akasimama kidogo, akahamisha kitabu kutoka mkono huu kwenda ule. Wakapinda kushoto.

Mama Birika akatikisa birika lake. Halikuwa na kitu. Kinyozi akavichukua vile vitabu viwili vilivyobaki, akamrudishia Profesa, na nafasi ya Kocha ikawa wazi tena.

Hayo yote niliyaona, na yalikuwa hivyo hivyo, sikuongeza wala sikupunguza. Ila moja. Pale getini Kocha hakusema yale maneno. Hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Aliniegemea, akageuza shingo kulitazama benchi, akaniambia nirudi nimfunikie kahawa yake, nzi wasiingie. Nilirudi, nikaifunika.