Povu la Matope kwa Mguu wa Babu

Hapa Câmpina, mji wa visima vya mafuta nchini Romania, mbele ya jengo letu, kuna benchi ambalo wazee waliliunga wenyewe kwa mabomba ya mafuta, enzi visima vilipokuwa na kazi. Kila asubuhi nawashushia kahawa. Leo gari la hospitali lilikuwa njiani kumchukua babu yangu, Anghel. Kidonda cha mguu wake hakiponi; vijidudu vyake havisikii dawa yoyote. Madaktari wanataka kukiosha kwa povu linalotolewa na vijidudu vingine, vinavyoishi kwenye matope ya visima vyetu vya zamani. Lisipofaa, mguu unakatwa. Babu alikuwa ameshakubali kuoshwa. Ndipo wakaja Redio, anayeongea kutwa, na Pipa, mchimba visima mstaafu.

— Matope? Redio akashangaa. Tumeyaoga miaka yote yale, na fangasi zangu ninazo bado!

— Si matope, babu Redio, nikasema. Ni povu la vijidudu vya humo. Linayeyusha ute ambao vijidudu vya kidonda vinajifichia, ili dawa ipenye.

— Nani kakwambia?

— Daktari.

— Daktari! Pipa akaguna. Walikuja na vichupa, wakachota udongo nyuma ya gereji yangu. Nikawauliza mnatafuta nini, wakachekacheka. Mtu mwenye nia njema anachekacheka?

Redio akashusha sauti.

— Wamegundua mafuta yamerudi. Dawa ni kisingizio.

— Sasa mguu wangu unaingiaje hapo? babu akauliza.

— Wanataka kufuga wadudu wao mguuni mwako, bwana! Wadudu wamezoea kula mafuta. Wakimaliza kidonda watakula nini? Wewe, na hayo mafuta ya nguruwe unayopaka kwenye mkate!

— Watapanda mpaka kwenye ini, Pipa akaongeza.

— Wadudu hawapakwi, babu, nikasema. Ni povu tu, limechujwa.

— Limechujwa na nani? Redio akadakia. Ulimwona?

Sikumwona. Babu akaanza kuvua koti.

— Basi siendi.

Gari likasimama. Dereva, mwanamke tusiyemjua, akashuka.

— Mgonjwa ni nani?

— Haendi, Redio akajibu. Tumeshaamua.

— Sawa. Niwaambie wampe dawa gani, basi?

Pipa akamtazama Redio. Redio akachungulia kikombe chake.

— Semeni, babu akawahimiza. Mmeongea asubuhi nzima.

Pipa akainama kufunga kamba za kiatu.

Babu akarudisha koti mabegani, akaninyooshea mkono nimwinue. Alipokwisha kuketi garini, akamwinamia dereva:

— Mwambie huyo daktari aanze na kidole kidogo cha mguu. Na nitakuwa namtazama.