Fundi wa Seva Saba

Ndugu waombolezaji, mliokaa na mliosimama huko nyuma, familia imenipa mimi kazi ya kusoma maisha ya kaka yetu kwa sababu ndiye aliyeniachia ziwa, na kwa sababu, wanasema, mimi silii ovyo, basi nitajitahidi, na nikikatika mahali mnivumilie.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa baba aliyekuwa mtunza stoo wa reli na mama aliyekuwa mshonaji, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua vitu, akafungua saa ya baba, akafungua cherehani ya mama, na tofauti yake na watundu wengine ni kwamba alivirudisha vikafanya kazi, ila kwa namna yake mwenyewe, hata mama akawa hawezi kubadilisha uzi bila kumwita.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kituo cha reli kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari ya kutwa mwaka 1982 hadi 1985, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, ambako alihitimu tarehe 9 Desemba 1988 akiwa wa pili darasani, na yule wa kwanza, kwa taarifa yenu, marehemu hakuwahi kumsahau mpaka anakata roho.

Alianza kazi Februari 1989 katika karakana ya kutengeneza taipureta, na taipureta zilipoanza kupungua hakukaa kulia na wenzake, akahamia kwenye kompyuta, akajifunza kwa vitabu vya kuazima, mpaka tarehe 4 Oktoba 1999 alipoweka seva yake ya kwanza katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na kwa wasiojua nitaeleza kama alivyonieleza mimi, kwamba kompyuta za kwenye meza za wafanyakazi zilikuwa zile za kununua, zenye mfumo wa kampuni na leseni yake, ambao kila mtu ameuzoea, lakini kwenye kabati lililo chini ya ngazi aliweka mashine moja isiyo na kioo wala kibodi, yenye mfumo huria, ulioandikwa na watu wa nchi mbalimbali wakautoa bure, na mashine hiyo ndiyo iliyotunza mafaili ya wote, ndiyo iliyopeleka kazi kwenye printa, na ndiyo iliyoulizwa kila asubuhi kama fulani aruhusiwe kuingia au la. Watu wa kwenye meza hawakujua hata kama ipo. Sifa zikaenea, na kufikia mwaka 2006 alikuwa na seva saba, kwa mchapaji, kliniki ya macho, duka la dawa, chuo cha udereva, duka la vifaa vya ujenzi, kiwanda cha magodoro, na ofisi ya wapima ardhi iliyo ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake haijawahi kupanda.

Alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 7 Desemba 1996 na mwalimu, wifi yetu huyu mnayemwona mbele, na wakajaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1998, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 2003, na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu siku hiyo marehemu hakuwepo hospitali, alikuwa kwa mchapaji, ambako shemeji wa mwenye kiwanda, mtu mwenye nia njema na mkono mwepesi, alikuta ile mashine kabatini, akaiona haina kioo, akaichomekea kioo, akaona maandishi meupe kwenye weusi mtupu, akasema kompyuta hii ni mgonjwa, akaitia diski ya mfumo ule wa mezani tangu mwanzo mpaka mwisho, akafuta kazi za miaka minne, vitabu vya shule, kalenda na mialiko, kisha akaenda kunawa mikono. Kaka yetu alikaa pale siku tisa akikusanya vilivyobaki kwenye kompyuta za mezani, faili moja moja, na mtoto alizaliwa siku ya nne.

Siku ya tisa alikula kiapo. Alifunga kila seva, na kila aliyoiweka baadaye, kwa neno moja la siri, akaliweka kichwani mwake tu, hakuliandika popote, hakumpa mwenye biashara yeyote, na wenye biashara, nasema bila kumung'unya maneno kwa sababu wapo hapa, walifurahi, maana ilikuwa raha kuwa na mtu wa kuitwa.

Januari 2009 wifi yetu alihamishwa kwenda kuwa mwalimu mkuu mji wa mbali, safari ya saa tisa, akaondoka na watoto, na marehemu akaahidi kumfuata mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu wapima ardhi walikuwa wanabadilisha kompyuta zao zote za mezani, na kompyuta mpya zikakataa kuelewana na seva ya zamani, akasema mwezi wa sita, mwezi wa sita duka la dawa lilifungua tawi, akasema mwisho wa mwaka, na mwisho wa mwaka sote tukaacha kumuuliza. Wifi aliomba kurudishwa mara mbili, maombi yote mawili yakakataliwa. Mara moja kila miezi mitatu kaka alikwenda siku mbili, akalala na simu kifuani, na mkewe ananiambia kwamba kwenye kabati lao la nguo alimwekea upande mzima, ukakaa na hanga tupu miaka kumi na mitano.

Ijumaa ya tarehe 22 Novemba 2019, siku ya mahafali ya binti yake, alifika mapema, amenyoa, suti ya kijivu, yuko getini na kadi ya mwaliko mkononi, simu ikaita kutoka chuo cha udereva, kwamba wanafunzi arobaini wamekaa mbele ya kompyuta kwa ajili ya mtihani na hakuna inayofunguka, basi akamwomba mlinzi nafasi kwenye benchi lake, akafungua kompyuta ya mapajani, akaanza kuifikia seva kwa mbali, na jina la binti yake liliposomwa alisikia vigelegele kutoka upande wa pili wa ukuta. Mlinzi yule alimpa pole. Wanafunzi wa udereva walifanya mtihani wao, na nadhani baadhi yao wamo barabarani leo.

Mimi nilimwambia akiwa hai, kwa hiyo sioni haya kulisema mbele ya jeneza lake, kwamba kitanzi kile alikisokota mwenyewe, na kwamba kulitamka lile neno mbele ya mtu mmoja mwenye akili zake kungemweka huru siku hiyohiyo, naye kila mara alinijibu kwamba hakuna wa kumwamini, wataharibu, kisha anaangalia pembeni.

Ugonjwa ulianza Novemba 2023 kwa miguu kuvimba, akaambiwa na daktari kwamba moyo umetanuka na ngazi ni marufuku, akaendelea kupanda kwa wapima ardhi akipumzika kila ghorofa, mpaka tarehe 12 Februari 2024 alipolazwa wiki mbili, na wodini alipigiwa simu na wote saba, akawahudumia sindano ikiwa mkononi, hadi muuguzi wa zamu alipomnyang'anya simu na kumuuliza kama hao wanaompigia wanajua kwamba yeye ni binadamu. Swali hilo, alituambia, lilimkaa.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kliniki ya macho, kwa dada wa mapokezi, mama wa watoto wanne, ambaye kwa miaka mingi kila marehemu alipofungua kabati alisimama mlangoni na kumuuliza anafanya nini, na kila mara alijibiwa kwamba hayo hayakuhusu, dada. Safari hii akamvutia kiti. Alimfundisha baada ya kazi, akamwonyesha seva inavyozungumza na kompyuta za mezani, inavyonakiliwa, inavyoamshwa ikilala, wakazunguka biashara zote saba, dada akipanda ngazi na yeye akielekeza kwa simu kutoka chini, na tarehe 5 Aprili akamtajia lile neno. Yalikuwa mafunzo ya jioni kumi na moja. Miaka kumi na mitano, ndugu zangu, na jioni kumi na moja.

Tarehe 11 Aprili 2024 alisafiri kwenda kwa mkewe na mashati yake yote. Waliishi pamoja siku thelathini na nane, akimmenyea viazi, akimsikiliza akilalamikia walimu wake, na siku ya kumi hivi alimwomba mkewe aende chumba kingine ampigie simu, aone kama inaita, maana ilikuwa kimya mno, na ilipoita alicheka, kisha akalia, akamwambia kwamba haikuwa kweli kuwa hakuna wa kumwamini, bali aliogopa kuwa mtu ambaye hatafutwi na yeyote, na kwamba kwa hofu hiyo alimwacha yeye peke yake miaka yote ile. Wifi ameniruhusu kulisoma hili. Amesema pia alimsamehe, lakini si siku ileile.

Alifariki nyumbani, Jumapili ya tarehe 19 Mei 2024, saa moja asubuhi, mkewe akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi miwili na siku tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, hasa muuguzi wa zamu ile, inawashukuru majirani walioleta viti na maji bila kuambiwa, na wenye biashara wote saba kwa kufika na kwa kuzima simu zenu, na kwa namna ya pekee inamshukuru dada wa mapokezi, ambaye Jumatatu aliliandika lile neno kwenye karatasi saba, akazitia kwenye bahasha, akamkabidhi kila mwenye biashara yake akisainiwa, kisha akaomba likizo, na anaondoka kesho kutwa na watoto wake.

Kaka, mashine zote zinafanya kazi, wanaokutafuta sasa ni sisi wa nyumbani tu, na sisi kusubiri tumeshazoea. Pumzika kwa amani.