Mtu Asiupake Mweupe Ukuta wa Mama Yenu

Fungeni mlango, wanangu, na wewe mkamwana usijifanye unakwenda kuangalia chai, kaa hapo hapo kwenye kiti ninapokuona. Sauti iliyobaki ni hii tu, sitaki kuimaliza kwa kurudia maneno.

Wageni wanaokuja kunijulia hali wanasema nimenawiri. Wapi! Ni ukuta huo. Mama yenu aliutaka wekundu ulioiva, wenye uwaridi na joto ndani yake, kama tikiti lililokatwa sasa hivi, na mimi, fundi rangi niliyepaka nyumba za watu krimu mpaka nikaichukia, nikamcheka, nikamwambia watu watadhani tumefungua baa. Akanijibu kwamba kwenye sebule nyeupe wageni hukaa kama wanangoja kuitwa na daktari. Basi nikaupaka alivyotaka, na tangu hapo kila anayeketi humu jioni, taa ikiwashwa, uso wake unapata damu, awe mgonjwa, awe mwongo. Ndiyo maana nilitaka kitanda changu kiletwe humu, na ndiyo maana siwaamini, kwa sababu humu ndani nyote mnapendeza.

Mnadhani nikifumba macho nimelala? Wewe kitinda mimba wangu ulileta mtu ukasema ni rafiki yako. Rafiki gani huyo anayeingia kwa mgonjwa akatazama dari kabla ya kumtazama mgonjwa, kisha akagonga kuta kwa vidole? Huyo ni dalali, na shati lake zuri halimfichi. Na wewe binti yangu, nilikusikia ukinong'ona kwamba chumba cheupe huonekana kikubwa na wapangaji hukipenda. Bado napumua, mmeshanipangisha! Kifungua mimba wangu ndiye peke yake hajasema neno, na hilo linanitia wasiwasi zaidi, maana tangu utoto huyu akinyamaza ujue kuna jambo.

Lakini wewe, mke wake, ndiye niliyekuwekea jicho. Uliingia katika nyumba hii mpole kupita kiasi, na upole wa namna hiyo sijauamini hata siku moja. Wiki hii nzima nanusa rangi mbichi. Pua hii imeshinda kwenye rangi maisha yake yote, haidanganywi na manukato yenu ya kupuliza. Kabati limesogezwa, sakafu ina mkwaruzo mpya, na kucha zako unazificha chini ya mtandio. Mmeanza kuupaka mweupe kwa siri, mkianzia nyuma ya kabati, mkingoja niondoke mmalizie. Haya, lisogezeni. Lisogezeni, nasema, mbele yangu!

Eh. Hiyo si nyeupe. Pinki inayopiga kelele namna hiyo, nani kaipaka? Usimjibie mkeo, ana mdomo wake. Sema, mkamwana, na upaze sauti.

"Bomba lilivuja, Baba, rangi ikabanduka. Nikajua wenzangu wakiliona baka hilo watapata sababu ya kupaka ukuta wote mweupe. Nikataka nilizibe kabla hawajaliona. Lakini kila nikipaka, inakataa."

Lo! Na mimi nimekuvizia kama mwizi.

Sogea. Chini yake ulitanguliza nini? Nyeupe, najua, kila mtu hufanya hivyo. Nyekundu hii haifuniki vizuri rangi ya chini, ikikaa juu ya nyeupe lazima iwake kama hivyo. Tanguliza kijivu, kijivu kizito kama majivu, kikauke kabisa, ndipo uje na nyekundu uliyoichanganya na kahawia kidogo na tone la nyeupe, upake nyembamba, ikauke, upake tena. Usiihukumu ikiwa mbichi. Mafundi wenzangu wamenizungukia miaka wakiitaka siri hiyo, na sikumwambia hata mmoja.

Sasa wosia wangu ni huu. Nyumba ni yenu nyote, kaeni, pangisheni vyumba vya nyuma, siwazuii. Lakini sebule hii naiweka mikononi mwa mkamwana, na mtu yeyote asiingie na brashi bila ruhusa yake. Dalali asikanyage. Usitikise kichwa, kitinda mimba, nakuona. Na nikifa ukuta haujakauka, waombolezaji wakae uani, wasije wakauegemea.

Mungu awaweke pamoja... awape riziki ya halali... na watoto wenu wakue humu, mbele ya wekundu wa bibi yao. Niinueni kidogo. Mto... hapo.

Leta makopo, mwanangu. Ndiyo, wewe mkamwana, nimekuita mwanangu. Changanya hapa, karibu na kitanda... kijivu kwanza. Siyo kwamba sikuamini. Nataka... nataka kuona tu.