Shangazi wa Kona ya Masizi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya magari ya wagonjwa, Shangazi anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Mkuu wa karakana ameniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu huu, eti kwa sababu namfahamu kuliko wengine. Namfahamu kweli. Hakuna aliyegombana naye mara nyingi kunishinda, na karibu kila ugomvi wetu ulihusu makopo ya dawa ya kusafishia injini.

Kwa faida ya wageni, niseme kwanza kazi yake. Injini huvuta hewa kupitia bomba lenye kilango kidogo, kinachofunguka dereva anapokanyaga mafuta. Miaka ikipita, njia hiyo hujaa masizi, gari likaanza kutetemeka na kuzimika kwenye makutano ya barabara. Gari la kubebea mboga likizimika, watu hupiga honi na kutukana kidogo. Gari la wagonjwa likizimika, kuna mtu amelala kwenye machela ndani yake. Shangazi alipuliza dawa kwenye njia hiyo ya hewa hadi uchafu ukalainika na kutoka, bila kuifungua injini nzima.

Alianza enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya hewa na mafuta, akiwa binti mwembamba mwenye ovaroli iliyokunjwa miguuni mara tatu. Wenzake walimsukumia kazi hiyo kwa sababu wao hawakuitaka: dawa inanuka, inawasha macho, inakausha koo. Yeye akaipenda, ila kwa masharti yake. Alikataa kuifanya ndani. Aliburuta meza yake hadi kwenye kibanda kilicho wazi nyuma ya karakana, akadai barakoa, miwani na glavu, na dereva aliyesogea na sigara alitimuliwa kwa ufagio. Kibanda hicho ndicho tunachokiita Kona ya Masizi.

Alikosea pia, tusimfanye malaika. Zilipokuja injini za kisasa, alisugua kwa kitambaa kile kipimo kinachopima hewa inayoingia. Kina waya mwembamba kama unywele, na waya ukakatika. Kabla hajaulizwa na mtu, alikuja nacho wakati wa chai, akakipitisha mkono kwa mkono, akatueleza kwamba kitu kile hakisuguliwi. Hupuliziwa dawa yake maalumu na kuachwa kikauke chenyewe. Nilimpa kipya huku nimenuna, lakini moyoni nilimvulia kofia.

Kazi yenyewe ni ya kungoja. Unapuliza kidogo injini ikiwa inaunguruma, unaacha, unapuliza tena, mwisho unaizima ili dawa ilowe. Mafundi wengi hushindwa hapo kwenye kungoja. Shangazi alijizuia kwa hadithi. Kati ya mpulizo na mpulizo alisimulia kipande cha mkasa wa wifi yake, yule aliyeazima makochi kwa ajili ya ugeni wa siku moja na kukaa nayo hadi mtoto wake akaota meno. Hakupuliza tena mpaka kipande kiishe. Kuna madereva walioleta magari yasiyo na ubovu wowote, wakitaka tu kujua kama makochi yalirudi. Hayakurudi.

Mwaka jana, kustaafu kwake kulipoanza kutajwa, uongozi ulisema kona ifungwe. Hakukuwa na wa kumrithi, kwa hiyo magari yetu yangepelekwa gereji za nje na kupanga foleni kama mengine, na kibanda kingegeuzwa maegesho. Shangazi hakulia mbele yetu, lakini aliacha kusimulia. Alipuliza dawa, akakaa kimya, akapuliza tena. Ukimya ule uliniuma kuliko ugomvi wetu wote.

Mtu mmoja tu angeweza kumrithi: fundi wetu wa matairi, tunayemwita Bwana Upepo. Aliwahi kujifunza kwake, na mikono yake imetulia. Lakini zamani kidogo, dereva akimharakisha, alimimina karibu kopo zima kwa mkupuo. Dawa ilijaa ndani ya silinda, pistoni ikashindwa kupanda, mkono wa chuma unaoisukuma ukapinda na injini ikafa palepale. Hakuna aliyeumia, ila gari lilikaa juu ya mawe kwa muda mrefu. Bwana Upepo akarudi kwenye matairi yake, akaapa kwamba hatashika kopo tena maishani.

Shangazi akawa anamfuata kila mapumziko ya mchana. Hakumbembeleza, alimchokoza. Alimwambia kwamba mwanamume anayeogopa kopo ataogopa hata kusalimia wakwe. Bwana Upepo akajibu kwamba wakwe hawapindishi chuma. Tulicheka sana. Kisha siku moja Shangazi akauweka mzaha pembeni, akamwambia, "Mwanangu, mimi naondoka. Ukikataa wewe, kila nilichojua kinaishia hapa." Kesho yake Bwana Upepo alikuja stoo kuomba barakoa.

Uongozi ukakubali ajaribiwe kwa gari moja, mbele ya mkuu wa karakana. Gari likitulia, kona inabaki. Likiharibika, tunapata maegesho. Asubuhi hiyo Shangazi hakwenda kibandani. Alikuja kwangu stoo, akakalia kiti changu bila kuniomba, mahali ambapo huoni kinachoendelea ila unasikia kila kitu. Injini ikawashwa. Tukasikia mpulizo mfupi, kisha sauti ya Bwana Upepo, nzito na ya chini, akiimba wimbo wa kumbembelezea mtoto. Mpulizo mwingine haukuja mpaka ubeti uishe. Akaenda hivyo hivyo, mpulizo na ubeti, mpaka akaizima injini iachwe ilowe. Hapo mimi nilikuwa nimeshapanga upya boksi lilelile la plagi mara kadhaa.

Hatimaye ikawashwa. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikakohoa tena, kisha mngurumo ukanyooka. Niligeuka kumpa Shangazi mkono. Alikuwa amelala fofofo, shavu juu ya boksi la vichujio, mdomo wazi. Huyu ndiye mwanamke ambaye chai yake ilipoa kila siku kwa sababu hakuweza kumeza kitu mpaka injini iwake. Mkuu wa karakana akaingia kwa kelele kutangaza kwamba kona inabaki. Niliweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Akamwona, akashusha sauti, na sote wawili tukatoka kwa kunyata.

Shangazi, asante kwa watu wote waliofika hospitali bila kujua kwamba kuna mtu aliyewasafishia njia. Asante kwa kutufundisha kungoja, na samahani kwa makopo niliyokuficha. Shemeji yetu, mumeo, ametuambia kitanda chako kimesogezwa mbali na dirisha la barabarani, ili milio ya injini isikuamshe. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu wa kutosha, na usingizi wa mchana kila unapoutaka. Hatutakupigia simu kukuuliza lolote. Kona yako ina mtu.